Vitabu vya tuzo mbele ya majamvi ya karafuu: shajara ya mradi

2 Julai

Leo nimeanza rasmi, kwa hiyo naandika. Nina duka la steshenari hapa Wete, Pemba, lenye mashine mbili za fotokopi ambazo sijawahi kuziona zote nzima siku moja. Kila ukikaribia mtihani, wanafunzi wa Kidato cha Nne huniletea karatasi zile zile niwatolee kopi: "uchambuzi" wa riwaya. Fani, maudhui, dhamira, ujumbe, falsafa, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Ni kopi ya kopi ya kopi. Herufi zimeshanenepa, "mhusika" anasomeka "mbusika", na wao wanakariri hivyo hivyo. Mwaka jana nilimuuliza kijana mmoja kama kitabu chenyewe kakisoma. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Kaka, kitabu cha nini tena, na uchambuzi ninao?"

Sikumlaumu. Na mimi nilipasi hivyo hivyo.

Mradi wenyewe ni huu: mpaka msimu wa karafuu umalizike niwe nimesoma kazi nane za hadithi zilizoshinda tuzo, au zilizoikaribia, za waandishi wa pwani yetu. Kila moja niisome yote, kisha niandike tahakiki ya karatasi moja, mbele na nyuma, niibandike ukutani karibu na kaunta. Anayeitaka namtolea kopi bure; karatasi hasara yangu. Sharti nililojiwekea ni moja tu: neno "dhamira" lisionekane popote.

5 Julai

Orodha. Ya kwanza Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, maana hiyo ndiyo bibi wa tuzo zetu: ilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957/58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960. Kisha Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyofika orodha fupi ya tuzo ya Booker ya Uingereza 1994, na tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota 2022, mwaka mmoja baada ya Nobel. Hizo nazihesabu mbili, anayebisha abishe. Halafu washindi wawili wa tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell: Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali, 2017, na Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, 2018. Hadithi fupi ya Kiingereza, Five Years Next Sunday ya Idza Luhumyo wa upande wa Mombasa, iliyochukua tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika, 2022. Nafasi mbili nimeziacha wazi.

N'na Kwetu ya Mohammed Khelef Ghassani, Mpemba mwenzetu, ilishinda tuzo hiyo hiyo ya Mabati-Cornell ilipotolewa mara ya kwanza 2015, lakini ni mashairi. Iko kando ya kitanda, nje ya hesabu.

8 Julai

Kuvipata ni kazi kuliko kuvisoma. Hapa mjini ukiulizia riwaya unapewa kitabu cha mtihani au unapewa pole. Mzimu nimeazimwa na mwalimu mstaafu, hauna jalada, kurasa za mwanzo zimeshikishwa kwa gundi ya fundi viatu. Paradise, ya Kiingereza, kaniletea binamu yangu anayefanya kazi hotelini Unguja; mgeni mmoja aliimaliza akaiacha chumbani. Hadithi ya Luhumyo nimeisoma kwenye simu. Peponi na Mungu Hakopeshwi nimemuagiza rafiki yangu Unguja, ataviweka kwenye boti inayokuja bandari ya Mkoani akimpata mtu wa kumkabidhi. Mmeza Fupa nimetafuta. Kuna mtu kajitolea kunitumia picha za kurasa zote kwa simu, bure. Nikamwambia ahsante, hapana. Najua vizuri mtu wa fotokopi hana uso wa kuhubiri haki za mwandishi, lakini kama nitamuandikia mtu tahakiki, japo kitabu chake nikinunue.

13 Julai

Tahakiki ya kwanza nimeimaliza, nikaihesabu. Sentensi kumi na nane. Kumi na tano zinasimulia nani kafanya nini, na tatu za mwisho zinasema mwandishi amefaulu sana. Yaani uchambuzi ule ule, nimeuvua shati tu. Nimechana.

27 Julai

Karafuu zimekubali mwaka huu, kwa hiyo jioni nafunga duka mapema nakwenda nyumbani Mtambwe kusaidia. Asiyezijua karafuu aelewe: kazi haiishii mtini. Mchumaji akishashuka, karafuu zinakuja na vikonyo vyake, zimeshikana vishada, na lazima zichambuliwe usiku ule ule ili asubuhi zikute jua. Zikilala kwenye lundo zinapata moto, zinaharibika rangi, na mnunuzi haziangalii mara mbili. Basi baada ya Isha watu wanakaa kuzunguka lundo. Mtu anakamata kishada, anakibonyeza kwenye kiganja cha mkono wa pili na kukizungusha, karafuu zinaanguka huku, makonyo yanakwenda kule. Mama anafanya bila kutazama. Mimi natazama na bado nazivunja vichwa.

Ndiyo maana shangazi aliniambia leo, mbele ya watu: "Wewe mwana unatuharibia. Si una kitabu hapo? Basi kaa utusomee, tuchambue sisi."

Nikawasha taa ya simu.

29 Julai

Usiku wa pili wa Mzimu. Tuko mama, mama mkubwa, shangazi, majirani wawili na watoto wasiotaka kulala. Nilidhani watashtuka pale maiti inapoonekana kwenye mzimu. Wapi. Mikono ikaendelea kama vile nimesoma bei ya sukari. Iliposimama, yote kwa pamoja, ni pale Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi, anapohoji. Kiko cha tumbaku kinywani, anauliza kitu kidogo, na anayejibu anajibu zaidi ya alilosailiwa. Mama mkubwa kashika kishada hewani mpaka nikamaliza ukurasa.

"Huyu aliyeandika," akasema, "kaingia sana majumba ya watu."

Nikamwambia ni kweli. Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, aliyezaliwa 1918, kabla hajawa mhariri wa magazeti alikuwa mkaguzi wa Idara ya Afya. Kazi yake ilikuwa kugonga milango na kutazama jikoni. Nilikuwa naijua habari hiyo tangu skuli, kwenye ule wasifu wa mwandishi unaokaririwa, na siku zote ilikuwa mstari mfu. Leo ndiyo imepata kazi ya kufanya.

Nimechukua penseli. Kila mikono inaposimama naweka alama pembeni ya ukurasa. Mwenye kitabu atanisamehe.

2 Agosti

Mzimu umekwisha. Alama kumi na moja. Tahakiki nimeiandika kwa usiku mmoja, nikaanza na zile alama. Nimesema wazi kuwa mauaji yenyewe si kitu, raha ya kitabu ni namna watu wa visiwa hivi wanavyoficha mambo kwa kusema mengi. Nimesema pia kwamba Bwana Msa akishaanza kueleza alivyogundua, hadithi inageuka darasa la hesabu, na hapo shangazi alisinzia. Kitabu kilichoshinda tuzo kina haki ya kuambiwa hivyo.

Nikawaambia mwandishi huyu ana riwaya nyengine, ya 1968, inaitwa Kisima cha Giningi. Kimya. Mmoja wa majirani akavuta kanga juu ya mabega. Giningi, kwenye makao ya wachawi, usiku, na sisi tumekaa chini ya mikarafuu ya Pemba! "Hiyo utasoma mchana," mama akaamua.

9 Agosti

Leo mtihani wa tafsiri. Five Years Next Sunday iko Kiingereza, kwa hiyo nasoma mstari kimoyomoyo nautoa kwa Kiswahili, najikwaa, narudi. Hadithi ya msichana anayeitwa Pili ambaye nywele zake zina nguvu ya kuita mvua. Kwao wanamuogopa, na wa nje wanamtamani. Nilichagua usiku mbaya. Mchana kutwa wingu lilikuwa linatisha na majamvi yamejaa.

Mama mkubwa hakutaka kusikia habari ya nywele kuita mvua. "Mwambie azifunge. Azifunge mpaka Jumatano." Tukacheka, lakini baada ya hapo hakuna aliyecheka tena, kwa sababu walishaingia ndani ya hadithi kwa mlango ambao majaji wa Caine hawakuwa nao. Kule mvua inangojewa. Kwetu msimu huu mvua ndiyo mwizi. Walimuelewa mtu mwenye kitu ambacho kila mmoja anakitaka kwa wakati wake na kwa manufaa yake, na hakuna anayemuuliza yeye.

Saa nane usiku ilinyesha. Tulitoka wote kukunja majamvi. Na hadithi ilikuwa imebaki kurasa mbili, nikaimalizia alfajiri, sauti imekauka, waliosikiliza ni mama na shangazi tu.

11 Agosti

Tahakiki ya Luhumyo iko ukutani. Fupi kuliko zote nilizokusudia, nusu karatasi. Nilijaribu kuirefusha nikaona naanza kunukia uchambuzi.

20 Agosti

Nimeanza Paradise na nimekwama kwenye neno moja.

Kijana anaitwa Yusuf, ana miaka kumi na mbili, baba yake ana hoteli ndogo isiyokwenda. Anakuja tajiri wa misafara, Aziz, mara kwa mara, na akiondoka humpa kijana sarafu. Kijana anamwita *Uncle*. Siku moja anaondoka naye kwa treni, na baadaye anakuja kufahamu kwamba hakwenda kutembea, amewekwa rehani kwa deni la baba yake.

Sasa niliposoma "Uncle Aziz" nikasema "mjomba Aziz", kwa sababu ndilo lililonijia. Mama akanikata hapo hapo.

"Mjomba? Kaka wa mama yake?"

"Hapana, si wa damu. Anamwita tu."

"Kama anamwita tu, basi ami."

Shangazi akasema ami haiwezekani, ami hachukui mtoto wa kaka yake kwa deni. Mama akasema ami ndiye khasa anayeweza kukuchukua, ami ni baba, ana amri juu yako; mjomba hakuchukui, mjomba unamkimbilia wewe ukichoka kwenu. Jirani akaleta habari za mirathi. Lundo la karafuu likakaa kama robo saa bila kuguswa, na kitabu kiko ukurasa wa nne.

Kiingereza kimepita hapo na neno moja, mwepesi. Sisi tuna mawili, na ukichagua moja umeshamwambia msikilizaji mtoto huyu katolewa na upande gani wa nyumba.

Mwisho mama mkubwa, ambaye alikuwa kimya wakati wote, akatupa makonyo upande wake na kusema: "Huyo si ami wala si mjomba. Huyo mdai. Endelea kusoma."

22 Agosti

Nimefika pale Khalil, kijana mkubwa wa dukani ambaye naye yuko rehani, anapomgombeza Yusuf asimwite Aziz *Uncle*, amwite Seyyid, yaani bwana. Sikulazimika kutafsiri sana. Shangazi akampigia mama mkubwa kofi la mgongo: "Si ulisema!"

Kitabu hiki kina jambo ambalo penseli yangu haikuliweza. Kwenye Mzimu mikono ilisimama nikaweka alama. Hapa mikono haikusimama. Iliendelea, taratibu, lakini midomo ndiyo iliyofungwa. Hakuna aliyeomba maji, hakuna aliyemkaripia mtoto. Kurasa nzima nzima. Nimeanza kushuku alama zangu. Mikono husimama hata kwa ugomvi wa bei rahisi, kwa talaka, kwa kofi. Kipimo changu kizuri, lakini kina upofu wake.

Baada ya kulala watu mama mkubwa alinisimulia kwamba mikarafuu ya babu yake upande wa bondeni iliwahi kuwa rehani. Hakusema kwa huzuni, alisema kama mtu anayetaja mpaka wa shamba. Nimekuwa nikilima na kuchuma chini ya miti hiyo sijui. Madeni ya karafuu yalikuwa makubwa visiwani hata 1934 serikali ya wakati ule ikatunga amri ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasiishie mikononi mwa wakopeshaji. Hii nayo tulisomeshwa, kwenye somo jengine, na mwalimu mwengine, na hakuna aliyetuambia kwamba ni habari moja na ya Yusuf.

1 Septemba

Tahakiki ya Paradise, jaribio la nne. Nimeijenga yote juu ya neno mdai. Nimesema kitabu kinakaa kwenye ule upenyo baina ya unavyomwita mtu na alivyo kwako, na kwamba Gurnah hamgombezi Aziz hata mara moja: anamuacha awe mpole, ananukia vizuri, ana adabu, na deni liko pale pale. Nimelalamika kuhusu ile safari ya bara, ambayo mimi niliipenda na wasikilizaji wangu waliona inatembea mno. Nimeandika malalamiko yao kama malalamiko yao, na mapenzi yangu kama yangu.

3 Septemba

Kaja mwalimu dukani kutoa kopi, kasimama kusoma ukuta. Nikafurahi. Kisha akaomba peni nyekundu. "Nyengine" kaifanya "nyingine", "skuli" kaifanya "shule", na maneno ya mama mkubwa kayapigia mstari na kuandika pembeni: si sanifu.

Sikubishana, mteja ni mteja. Lakini nilimsimulia. Mwaka ule ule wa 1994 ambao Gurnah aliikosa Booker, aliyeichukua ni James Kelman wa Glasgow, kwa How Late It Was, How Late, riwaya iliyoandikwa kwa lugha ya mitaa ya kwao, matusi na yote. Mmoja wa majaji, Julia Neuberger, alijitokeza hadharani kusema ni fedheha. Kelman mwenyewe akasimama kutetea haki ya watu wake kusema wanavyosema. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, akauliza matusi yenyewe ni yapi.

Kinachonichekesha ni kuwa hicho sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati ya kukisimamia ikaundwa 1930. Yaani jirani yetu wa ng'ambo ya mkondo ndiye aliyepewa cheo, sisi Wapemba tukabaki tunasahihishwa. Nimeiacha karatasi na wekundu wake. Inavutia wasomaji.

14 Septemba

Shangazi kadai kitabu "cha mtu wa kwetu". Nafasi moja iliyokuwa wazi nimempa Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, 1947. Nimechukua Utengano, ya 1980. Si kwa tuzo, nakiri. Nimevunja orodha yangu mwenyewe. Nilichukua kwa sababu ndicho kilichokuwepo na kwa sababu shangazi habishwi.

Nitaandika usiku mmoja tu. Bi Tamima kashikwa na uchungu, mume wake Bwana Maksuudi hayupo, na nyumba imefungwa kwa amri ya Maksuudi. Nani aitwe? Aingie nani? Mikono ilisimama sentensi ya kwanza na haikurudi. Wanawake watano, wote wamezaa, wawili wao waliwahi kuzalisha wenzao. Walikuwa wanamuelekeza Bi Tamima kupitia mimi. "Mwambie asilale chali!" Nikisoma pole pole wananihimiza, nikiharakisha wananizuia. Tulipomaliza ilikuwa usiku mkubwa na kama madebe mawili ya karafuu hayajaguswa. Asubuhi yalikuwa na moto ndani, ukitia mkono unauona.

Baba kauliza nani atalipa. Hakuna aliyejibu. Tahakiki ya Utengano ina sentensi moja, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote: "Kitabu hiki kilitugharimu madebe mawili ya karafuu, na hakuna aliyejuta isipokuwa baba, ambaye hakuwepo."

6 Oktoba

Mungu Hakopeshwi imefika. Peponi haikufika; rafiki kasema kwenye duka ziliisha, ataulizia tena.

Nimeisoma hii peke yangu kwanza, halafu kwao. Jina lake lilifanya kazi kabla sijafungua: nililitaja tu, na kila mmoja akawa na mtu wake wa kumfikiria, nyuso zikaonesha. Ni riwaya ya ndani ya nyumba, ya ndoa na mabavu ya mwanamume. Wamemlaani mtu wake mpaka nikachoka kungoja. Kwa upande wangu ninalo neno: pale jina la kitabu linapoahidi malipo, msomaji anakaa kuhesabu siku za malipo badala ya kumtazama mtu. Mama hakukubaliana nami. Akasema kuhesabu siku ndiyo maisha yenyewe ya anayeonewa, "ulikuwa unataka afanye nini tena?" Nimeiandika tahakiki kwa sauti mbili, yangu na yake, bila kutoa hukumu. Mama akashinda kwa mistari.

19 Oktoba

Habari za ukutani. Karatasi ya Paradise imetolewa kopi nyingi kuliko zote, sikuhesabu, najua kwa wino. Leo msichana mmoja wa Kidato cha Nne kaisoma mpaka chini, kageuza nyuma, kageuza mbele.

"Kaka, hii haina dhamira. Mwalimu hatoipokea."

Nikamwambia si ya kupelekwa kwa mwalimu. Akaniangalia kwa huruma, akaomba kopi. Alipoondoka nikaona kaandika kwa penseli kwenye ile ya ukutani, kona ya juu, kwa mwandiko mzuri: *Dhamira: deni.* Nimechukua ufutio. Nimeurudisha mahali pake bila kufuta.

9 Novemba

Mvua za vuli. Mashine moja ya kopi imekufa kabisa, unyevu umeingia. Karafuu zimebaki za kuokoteza. Wiki nzima sijasoma kitu, nimesoma kitabu cha maelekezo ya mashine, kibaya, hakina hata mhusika.

Mmeza Fupa bado. Nafasi ya nane bado wazi.

30 Novemba

Karafuu zimeisha, na mikutano ya usiku nayo. Sikulitazamia hilo. Mradi niliupangia mwisho wa msimu, sikujua kuwa msimu ndio uliokuwa mradi. Jana nilikwenda Mtambwe na kitabu kwapani. Lundo hakuna, majamvi yamekunjwa yamesimamishwa ukutani, kila mtu yuko kwake na taa yake. Nikamkuta mama peke yake anaparua nazi. Nikamsomea N'na Kwetu kidogo, ile ya nje ya hesabu. Mkono wake haukusimama, na sikutarajia. Mbuzi ya nazi inapiga kelele, na mashairi hayapigani na kelele.

Hesabu: nane niliahidi, tano nimeandika, moja kati yake nje ya sharti.

12 Disemba

Peponi imefika. Imekuja na boti ya jana mpaka Mkoani, ikapanda gari mpaka Wete ndani ya mfuko wa mtu wa samaki, na inanuka hivyo.

Sikuifungua. Nilifunga duka saa tisa nikaenda nayo nyumbani. Njiani nilijua kwamba ukurasa wa kwanza tu utatoa jibu la ule usiku wa Agosti, maana mfasiri hawezi kusema "anamwita tu". Lazima aandike neno, liwe ami, liwe mjomba, liwe jengine ambalo sisi sote watano hatukulifikiria.

Mama kanipokonya. Kapangusa jalada kwa ncha ya kanga, kanusa, kakunja uso. Nikamwambia ukurasa gani.

"Nyamaza, usiniambie," akasema. "Nenda kamwite mama yako mkubwa. Na shangazi yako."

Kisha akaanza kutafuta miwani yake.